Mitambo ya nishati safi chuoni: kutambua hitilafu kwa kufuata dalili zake

Jenereta ya dizeli inapoharibika, taa huzimika na kila mtu chuoni hujua. Mtambo wa umeme wa jua uliounganishwa na gridi hauna tabia hiyo. Unaweza kupoteza nusu ya uzalishaji wake huku taa zikiendelea kuwaka, kwa sababu gridi huziba pengo papo hapo, na mtu wa kwanza kushtuka huwa mhasibu anayepokea bili mwisho wa mwezi. Pampu ya joto, yaani mtambo unaochota joto mahali pamoja na kulihamishia kwingine, huharibika kimya kimya vilevile, na mtambo wa biogesi hauko mbali nayo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mafundi na maofisa wa miliki wa vyuo vikuu, nao unaanzia pale ambapo kazi yenyewe huanzia, yaani kwenye dalili.

Nasisitiza jambo moja tangu mapema: sehemu kubwa ya malalamiko yanayoelekezwa kwa mtambo hutokana na vipimo visivyo sahihi, na mipangilio iliyowekwa siku ya kwanza ikasahaulika, au na mtambo kutoendana na ratiba ya masomo. Chuo hakitumii umeme kama kiwanda. Kina mihula na likizo, kina mabweni yanayoamka jioni wakati maabara zinafungwa, na kina wiki za mitihani ambazo maktaba haizimi taa. Fundi asiyeweka kalenda ya masomo kando ya usomaji wa mita atatafuta hitilafu mahali ambapo haipo.

Kabla ya kupanda paani

Hesabu ya kwanza hufanyika mezani. Ukubwa wa mtambo unaoandikwa kwenye paneli hupimwa katika hali maalumu ya maabara: mng'ao wa wati 1000 kwa kila mita mraba, na joto la seli la nyuzi 25 za Selsiasi. Paani hali hiyo hupatikana kwa nadra, kwa hiyo si haki kuulaumu mtambo wa kilowati 200 kwa kutofikisha kilowati 200.

Njia ya haki ni hii. Chukua mng'ao uliopimwa siku hiyo, tuseme kilowati saa 5 kwa kila mita mraba katika mwinamo uleule wa paneli, uzidishe kwa ukubwa wa mtambo, upate kilowati saa 1000, kisha uzidishe kwa 0.8, ambacho ni kiwango cha kawaida kwa mtambo wenye afya baada ya kuondoa upotevu wa joto, nyaya, vumbi na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli kuwa umeme wa aina ya gridi. Matarajio yako ni takribani kilowati saa 800. Ukisoma 760, hakuna la kutafuta. Ukisoma 500, hitilafu ipo, na sasa una kipimo cha kujua kama umeiondoa.

Uzalishaji umeshuka

Swali la kwanza ni namna ulivyoshuka, kwa maana kila chanzo huacha umbo lake kwenye mchoro wa uzalishaji wa siku.

Ukiwa umeshuka polepole kwa wiki kadhaa, shuku uchafu. Usioshe paa zima kwa kudhani tu. Osha safu moja ya paneli, acha safu jirani yenye mwelekeo uleule kama ilivyo, na ulinganishe mkondo wa safu hizo mbili saa ileile ya mchana. Tofauti ikiwa ndogo sana, vumbi halina hatia, na fedha za kuoshea zinaweza kwenda kwingine. Kazi ya kuosha ifanywe alfajiri au jioni, kwa kuwa maji baridi juu ya kioo kilichopata moto yanaweza kukipasua.

Ukiwa unashuka saa ileile kila siku kisha kurudi, hicho ni kivuli. Mti uliokua, tangi jipya la maji au mnara wa mawasiliano uliosimikwa bila kumuuliza fundi wa umeme huweza kuwa chanzo, na athari yake huzidi ukubwa wake. Seli za paneli zimefuatana kama foleni, na seli moja iliyo kivulini huzuia mkondo wa wenzake. Ndiyo maana paneli ya seli 60 kwa kawaida huwekewa dayodi tatu, kila moja ikilinda seli 20. Seli moja ikifunikwa na jani, dayodi hupitisha mkondo kando na theluthi nzima ya paneli hutoka kazini. Ukataji wa tawi moja unaweza kurudisha umeme ambao mtu alikuwa tayari ameanza kuuandikia bajeti ya paneli mpya.

Ukiona mchoro wa mchana umekatwa bapa juu, kama mlima uliosawazishwa kwa msumeno, linganisha kimo cha ubapa huo na uwezo wa inveta. Paneli za kilowati 120 zikiwa zimeunganishwa na inveta ya kilowati 100, ubapa kwenye 100 umekusudiwa na msanifu, na hakuna la kutengeneza. Lakini ubapa ukiwa chini ya uwezo huo, ama kuna kikomo kilichowekwa kwenye mipangilio ili umeme usirudi gridini, ama inveta imezidiwa na joto na inajipunguzia kazi ili isiungue. Gusa vichungi vya feni zake, uone kama vimeziba, na uangalie kama imefungwa kwenye chumba kisichopitisha hewa au ukutani upande wa jua la alasiri.

Joto huathiri paneli zenyewe pia. Paneli za silikoni hupoteza takribani asilimia 0.3 hadi 0.5 ya nguvu kwa kila nyuzi moja juu ya 25. Seli zikifika nyuzi 65, ambalo si jambo la ajabu kwenye paa la bati siku ya jua kali, upotevu unaweza kuwa asilimia 12 hadi 20 hata kama kila kitu kiko sawa. Hii ndiyo sababu siku yenye upepo na jua la wastani wakati mwingine huishinda siku ya joto kali.

Uzalishaji ulioanguka ghafla na kubaki chini kwa kiwango kilekile humaanisha kuwa safu nzima imetoka. Pima mkondo wa kila safu kwa wakati mmoja. Ile inayosoma sifuri ina fyuzi iliyokatika, kiunganishi kilicholegea au kebo iliyotafunwa na panya. Viunganishi vya watengenezaji wawili tofauti vilivyolazimishwa kushikana ni hatari ya kudumu, kwa kuwa hupata moto pole pole hadi kuyeyuka.

Hapa naomba msomaji asimame kidogo. Kuzima swichi kuu hakuondoi umeme kwenye kebo zinazotoka kwenye paneli. Madamu jua linawaka, paneli zinazalisha, na mkondo mnyoofu (DC) wa mamia ya volti ukitenganishwa ukiwa unapita hutoa cheche ndefu, isiyojizima yenyewe kwa urahisi wa ile ya mkondo geu (AC) wa gridi. Kiunganishi kisichomolewe kamwe kabla ya kuhakikisha kwa kipimo kwamba hakuna mkondo unaopita. Mwanafunzi wa uhandisi aliye kwenye mafunzo kwa vitendo asipande peke yake.

Kuna dalili moja ninayoiona kuwa ya thamani kubwa: inveta inayokataa kuwaka asubuhi baada ya mvua, kisha inakubali saa nne au tano paa likikauka. Ngozi ya waya imechubuka mahali fulani, maji yanaunganisha waya na fremu ya chuma, na inveta imeligundua hilo kabla yako. Kosa la kawaida ni kufuta onyo na kuendelea kwa sababu mchana inafanya kazi. Tenganisha safu moja moja asubuhi palipo na unyevu, upime uhami wake, yaani uwezo wa ngozi ya waya kuzuia umeme usivuje, na mchubuko utapatikana. Ukisubiri pakauke, ushahidi utakuwa umeondoka.

Mwaka hadi mwaka, kushuka kwa karibu nusu asilimia ni uzee wa kawaida wa paneli na hauna dawa.

Inveta inajizima jua likiwa kali, kisha inarudi yenyewe

Angalia siku ambazo jambo hili hutokea. Zikiwa Jumamosi, Jumapili na siku za likizo, karibu una jibu. Umeme unaozalishwa haupati mtumiaji karibu, unasukumwa kurudi kwenye transfoma, na kusukumwa huko hupandisha volti kwenye ncha ya mbali ya kebo. Inveta inapoona volti imevuka kikomo chake hujitoa, volti hushuka, nayo hurudi, na mzunguko huanza tena.

Pima volti kwenye inveta na kwenye bodi kuu kwa dakika ileile. Tofauti kubwa kati ya hizo mbili inaonyesha kebo nyembamba au ndefu mno, jambo la kawaida kwenye majengo ya pembezoni mwa chuo. Zote mbili zikiwa juu, tatizo liko kwenye mpangilio wa transfoma au kwenye gridi yenyewe, na hapo mazungumzo ni ya mwenye gridi. Vikomo vya volti vya inveta visipanuliwe bila idhini yake, hata kama nenosiri la fundi linajulikana na kila mtu. Njia rahisi kuliko zote mara nyingi ni kuhamishia matumizi mchana: kupampu maji ya matangi, kupasha maji ya mabweni na kuchaji magari ya chuo saa sita badala ya usiku.

Gridi ikikatika, umeme wa jua nao unazima

Hili huleta uchungu mwingi kwa viongozi wa chuo waliodhani wamenunua kinga dhidi ya kukatika kwa umeme. Si hitilafu. Inveta ya kuunganishwa na gridi hulazimika kujizima gridi ikikosekana, ili fundi aliye kwenye nguzo asiuawe na umeme unaotoka chuoni. Anayetaka umeme wakati huo anahitaji swichi ya kujitenga na gridi pamoja na chanzo kinachoweza kujenga volti chenyewe, ambacho huwa betri yenye inveta ya aina hiyo au jenereta.

Kwa jenereta, dalili ya kuangalia ni kuzima kwake mara wingu linapoondoka. Umeme wa jua umebeba karibu matumizi yote, jenereta imebaki bila kazi au imesukumwa kinyume, na kinga yake imeitoa. Injini za dizeli hazipendi kuendeshwa kwa muda mrefu chini ya takribani asilimia 30 ya uwezo wake. Mafuta hayaungui vizuri, na masizi mabichi huanza kutoka kwenye bomba la moshi. Kinachohitajika ni kidhibiti kinachopunguza umeme wa jua ili jenereta ibaki na mzigo wake wa chini.

Mtambo unazalisha, lakini bili haishuki

Hapa ndipo nimetenga nafasi kubwa, kwa sababu uamuzi wa kuendelea au kuachana na mradi mara nyingi huamuliwa na karatasi ya bili.

Anza na mita ya ndani. Koili za kupimia mkondo zinazozungushwa kwenye kebo zina mwelekeo, na kila moja lazima isomwe pamoja na volti ya fezi yake, yaani ya waya uleule kati ya nyaya tatu kuu za umeme. Koili ikigeuzwa au ikichanganywa fezi, mita hutoa namba zenye sura ya ukweli. Ishara yake ni kwamba matumizi ya chuo yanaonekana kupanda kadiri jua linavyopanda na kushuka linapozama, siku baada ya siku, hata Jumapili. Hakuna wanafunzi wanaoishi hivyo. Ni uzalishaji unaojumlishwa badala ya kuondolewa kwenye hesabu.

Mita ikiwa sahihi, soma muundo wa bili yenyewe. Wateja wakubwa hulipa uniti, na mara nyingi hulipa pia kilele cha matumizi, yaani kiwango cha juu kabisa kilichofikiwa kwa kipindi kifupi, kwa mfano nusu saa, ndani ya mwezi mzima. Chuo chenye mabweni mengi hufikia kilele chake jioni, wanafunzi wanapopika, kupiga pasi na kuoga maji ya moto, wakati paneli zimelala. Umeme wa jua unaweza kuokoa uniti kila siku bila kugusa kilele hata kidogo. Na hata chuo ambacho kilele chake ni mchana hakijasalimika, kwa kuwa wingu zito la nusu saa moja katika mwezi linatosha kuandika kilele cha zamani. Dawa ni kusogeza matumizi au kutumia betri iliyopangwa kwa ajili ya saa hizo. Kuongeza paneli hakusaidii.

Chanzo cha tatu ndicho kinachowashangaza wengi. Mota za feni, pampu na mitambo ya kupoza hewa huhitaji, pamoja na umeme unaofanya kazi, umeme wa kujenga sumaku ambao huenda na kurudi tu. Uwiano kati ya umeme unaofanya kazi na jumla inayopita kwenye nyaya ndio mafundi huuita pawa fakta, na watoa umeme wengi hutoza adhabu ukishuka. Chukua chuo kinachotumia kilowati 400 na kilova (kVAr, kipimo cha umeme wa sumaku) 200: jumla, ambayo hupatikana kwa kanuni ya pembetatu mraba na si kwa kujumlisha tu, ni kama kilovolti-ampea 447, na pawa fakta ni 0.89. Sasa paneli zinatoa kilowati 250. Gridi inabaki kuleta kilowati 150 tu, lakini zile 200 za sumaku hazijapungua. Jumla ni 250, na pawa fakta imeanguka hadi 0.6. Hakuna kilichoharibika chuoni, na bado adhabu imekuja.

Suluhisho mara nyingi liko tayari ukutani. Inveta nyingi za kisasa zinaweza kutoa umeme wa sumaku zikielekezwa hivyo kwenye mipangilio, mradi zibaki na nafasi ya uwezo. Kama chuo kina kapasita za kurekebisha pawa fakta, hakikisha kidhibiti chake kinapima mahali panapoona umeme wa gridi, kwa maana kikipima upande wa matumizi peke yake kitaona 0.89 na kukaa kimya.

Mwisho, inawezekana matumizi yenyewe yamekua. Jengo jipya la maabara lenye vipoza hewa linaweza kumeza akiba yote, na hilo lisihesabiwe kuwa kosa la paneli.

Betri zinaisha mapema

Betri za risasi na asidi huchakazwa na mambo mawili: kuachwa bila kujazwa kabisa na joto. Kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake kwa karibu nusu, kwa hiyo chumba cha betri kilicho chini ya paa la bati ni hasara inayoendelea. Katika safu ndefu, pima kila betri peke yake ikiwa inatoa mkondo. Ile inayoporomoka kuliko wenzake ndiyo inayowaburuta wote. Kuingiza betri mpya moja kati ya zilizochakaa huiua ile mpya.

Kwa betri za lithiamu, dalili ya kawaida ni kuonyesha asilimia 40 kisha kuzima ghafla. Kikokotoo cha chaji kimepotea njia kwa sababu mtambo haujawahi kufika kwenye chaji kamili kwa wiki nyingi. Zijaze hadi juu na uzishikilie hapo ili seli zisawazishwe, kisha upime tena kabla ya kudai udhamini.

Biogesi ya bwalo la chakula

Mtambo wa biogesi una viumbe hai ndani yake, na kalenda ya chuo huwatesa kuliko kitu kingine chochote. Likizo inakuja, mabaki ya chakula yanakoma, bakteria wanaozalisha methani wanapungua. Muhula unafunguliwa, ndoo za wali, ugali na mkate zinamiminwa zote siku ya kwanza, bakteria wa kuvunja wanga wanafanya kazi yao haraka na kutoa asidi, na wale wa methani, ambao huzaliana polepole, hawawezi kuimaliza. Gesi hupungua, ile iliyopo haishiki moto vizuri, na tope hutoa harufu kali ya uchachu.

Pima pH. Kiwango kizuri ni kati ya 6.8 na 7.5; ikiwa chini ya 6.5, acha kulisha kwa siku kadhaa, ongeza tope la samadi mbichi ya ng'ombe kurudisha bakteria, kisha anza tena kwa robo ya kiasi cha kawaida na upandishe kwa wiki mbili au tatu. Wakati wa likizo, lisha kidogo kidogo kwa samadi badala ya kuuacha mtambo na njaa. Uliza pia jikoni kuhusu sabuni na dawa za kuua vijidudu, kwa kuwa maji ya kuoshea masufuria yakielekezwa kwenye mtambo huua kilekile unachokilea.

Moto unaochezacheza na kukatika ilhali mtambo umejaa gesi unaonyesha maji yaliyojikusanya kwenye sehemu ya bomba iliyobonyea. Vifaa vya shaba vinavyokuwa vyeusi na mafuta ya injini yanayoharibika haraka huonyesha hidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai bovu. Gesi hiyo ni sumu, na inapokuwa nyingi hufisha uwezo wa pua kuinusa, kwa hiyo kutoweka kwa harufu ndani ya shimo si ruhusa ya kuingia.

Uvujaji hauvumiliki hata ukiwa mdogo. Methani hupasha joto angahewa takribani mara 28 kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule katika kipindi cha miaka 100, na mtambo unaovuja unaweza kudhuru kuliko gesi uliyokusudia kuibadilisha. Paka maji ya sabuni kwenye viungo vyote kila mwanzo wa muhula.

Pampu za joto zinazokula umeme mwingi

Pampu ya joto yenye afya hutoa uniti tatu za joto au zaidi kwa uniti moja ya umeme. Ukipata uniti moja tu ya joto kwa uniti moja ya umeme, basi hita ya akiba ya umeme ndiyo inayofanya kazi, na pampu imelala bila mtu kujua. Pima umeme wa hita hiyo peke yake. Chanzo kingine ni maji yanayorudi yakiwa bado moto kwa sababu vali za majengo zimeachwa wazi, na pampu hukosa nafasi ya kufanya kazi. Usishushe joto la tangi la maji ya kuogea chini ya nyuzi 60 kwa kutafuta akiba, kwani bakteria wa lejionela hustawi kwenye maji ya vuguvugu.

Chunguza pia kama chuo kinapoza na kupasha kwa wakati mmoja. Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani kiliona kwamba sehemu kubwa ya joto lililohitajika lilikuwa likitupwa angani na mitambo ya kupoza saa zilezile, na mwaka 2015 kikaacha mtambo wake wa gesi na kuanza kulirudisha joto hilo majengoni. Mnara wa kupoza unaotoa mvuke huku boila ikiwaka jirani yake ni dalili ya kushughulikiwa kama nyingine yoyote.

Dalili ileile inarudi

Hitilafu inayorudi mara tatu haijawahi kutatuliwa. Weka daftari moja kwa kila mtambo, na katika kila tukio andika tarehe, wiki ya muhula, usomaji kabla ya kugusa kitu, kilichobadilishwa, na usomaji saa 24 baadaye. Andika humo pia nenosiri jipya la intaneti ya chuo linapobadilishwa, kwa sababu kirekodi cha uzalishaji hukatika siku hiyohiyo, na mchoro wa sifuri unaofuata huwapeleka watu paani kutafuta hitilafu iliyo kwenye ofisi ya kompyuta.